Zikiwa Mwendoni au Zikiwa Zimefungwa: Kuchagua Picha ya Zamani ya Manowari za Kanada

Shemeji yangu amefungua mkahawa wa samaki Dartmouth, ng'ambo ya bandari ya Halifax, na ukuta mmoja ameuacha mtupu makusudi. Ukuta wenyewe una futi kumi na mbili kwa upana, na kutoka juu ya viti hadi darini ni futi tano. Alitaka picha moja tu, kubwa, ya zamani, inayoonyesha manowari za Kanada zikiwa kundi. Wateja wake wengi ni watu wa gatini na mabaharia waliostaafu, na watu kama hao huwezi kuwatundikia picha ya machweo. "Shem, wewe ni mtu wa Likoni, umelala na kuamka na meli. Nichagulie," akaniambia.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinila wiki tatu, kwa sababu kumbe nilikuwa nachagua kati ya vitu viwili ambavyo watu huviita kwa jina moja. Ziko picha za meli zikiwa mwendoni, zimejipanga kwa safu, povu linaruka omo, yaani mbele ya meli. Na ziko picha za meli zikiwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, gatini au kwenye maboya, kamba zimelegea na nguo zimeanikwa. Zote zitaandikwa chini yake "kundi la manowari za Kanada". Ila zilipigwa kwa sababu tofauti, na anayeitundika moja hapati alichokipata aliyeitundika nyingine. Nitazilinganisha kama nilivyolazimika kuzilinganisha mwenyewe, na sitaficha ninakoegemea.

Ya mwendoni ilipangwa

Tuanze na ile inayokamata macho haraka. Mfano wake mzuri ni picha za HMCS Bonaventure (HMCS ni herufi zinazotangulia jina la manowari ya Kanada), meli ya mwisho ya kubeba ndege iliyomilikiwa na Kanada, ikiwa katikati na destroya zake, manowari za kasi za kusindikiza, zimeizunguka. Bonaventure ilijengwa Belfast, ikaingia kazini Januari 1957 na kuondolewa Julai 1970. Ilikuwa na urefu wa mita 215 hivi. Destroya zilizoisindikiza, za ukoo wa St. Laurent ulioanza kuingia kazini 1955, zilikuwa na mita 112, umbo laini, sitaha ya omo imeviringwa ili maji na barafu visikae juu. Mabaharia waliziita "Cadillac" kwa starehe zake, maana humo kila mtu alipata kitanda chake badala ya kulala kwenye wavu wa kuning'inia kama baba zao. Ukizitazama kutoka angani, sita saba kwa pamoja, kila moja ikichora mstari mweupe nyuma ya shetri, yaani nyuma ya meli, utakubali kwamba waliozibuni walikuwa na jicho.

Na mpiga picha alikuwa angani kweli, ndani ya ndege au helikopta, na hapo ndipo mambo yanapoanza kujieleza. Manowari hazisafiri zikiwa zimebanana namna hiyo isipokuwa kwa sababu. Huwa ni zoezi la kugeuka pamoja kwa ishara, au heshima kwa mgeni, au siku ambayo picha yenyewe imeamriwa. Makapteni wanapewa nafasi zao, ndege inazunguka mara mbili tatu, kisha kila meli inarudi kwenye kazi yake umbali wa kilomita kadhaa. Sisemi kwamba picha hiyo ni ya uongo. Nasema ni kama picha ya harusi: watu wote wapo, wote wamesimama wima, na hakuna siku nyingine waliyowahi kusimama hivyo.

Ukitaka ushahidi, tafuta picha ya korveti za Kanada, manowari ndogo za ulinzi, zikilinda msafara wa meli za mizigo katikati ya Atlantiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zikiwa nne au tano ndani ya fremu moja. Utatafuta sana. Msafara uliotoka Halifax ulipangwa kwa safu zilizoachana mita 900 hivi. Safu tisa tu zinakupa upana wa zaidi ya kilomita saba. Walinzi walikaa nje ya hapo, mmoja mbele, mmoja nyuma, wengine ubavuni, mara nyingi hata wao kwa wao hawaonani kwa ukungu. Hakuna lenzi ya wakati ule iliyoweza kuwakusanya. Hivyo kazi kubwa kuliko zote iliyowahi kufanywa na jeshi la maji la Kanada, ile ya kuvusha misafara, karibu haina picha ya kundi baharini. Utakachopata ni meli moja ikienda mrama kwenye mawimbi, au mgongo wa baharia aliyejifunika kofia ya sufu, na nyuma yake kijivu kitupu.

Zipo picha za mwendoni zisizokuwa za maonyesho, nami nisizinyime haki yake. Tarehe 5 Julai 1950 destroya tatu, Cayuga, Sioux na Athabaskan, ziling'oa nanga Esquimalt, pwani ya Pasifiki, kuelekea vita vya Korea, siku kumi tu baada ya vita hivyo kuanza. Picha ya meli tatu zikitoka namna hiyo si ya kupangwa. Ni watu wanaondoka. Namba zao ubavuni, 218, 225 na 219, zinasomeka, na mwenye kuijua historia hahitaji maelezo chini yake. Kama moyo wako uko kwenye picha za mwendoni, tafuta yenye tukio la namna hii kabla hujaridhika na zoezi.

Zilizofungwa hazikujua zinatazamwa

Aliyewahi kusimama Bandari ya Kale ya Mombasa akaona majahazi yamefungana ubavu kwa ubavu, mpagazi anakanyaga sitaha ya huyu kufikia ya yule, hatashangaa akiona picha za St. John's za miaka ya vita. Bandari ile ni nyembamba, mlango wake umebanwa na majabali pande mbili, na kuanzia katikati ya 1941 ilijazwa walinzi wa misafara kupita uwezo wa gati zake. Basi meli zikafungwa tatu, nne, tano kwa pamoja. Aliyefika mwisho alikaa nje, na wanaume wake walivuka sitaha za majirani wote kabla ya kukanyaga nchi kavu. (Nchi hiyo, Newfoundland, wakati huo haikuwa sehemu ya Kanada, ilijiunga Machi 1949. Ukiona picha imeandikwa "St. John's, Kanada, 1942", aliyeandika hakuwa na haraka ya kuhakiki.)

Korveti moja ilikuwa na urefu wa mita 62 na upana wa mita 10, ikibeba watu 85 hivi mwanzoni mwa vita na zaidi baadaye. Weka tano ubavu kwa ubavu, upana wote ni mita 50, haujafikia hata urefu wa moja. Ndiyo maana picha hizi zinakaribia mraba, na ndiyo maana zimejaa. Milingoti inapandana, kamba zinakatiza kila upande, mapipa ya mabomu ya kulipulia nyambizi yamepangwa shetri, kijana anamenya viazi, mwingine amelala juu ya turubai. Mpiga picha alisimama gatini au juu ya jengo, na hakuna aliyemngoja ajiandae.

Kinachonifanya nizipende zaidi ni kwamba zinakuruhusu kulinganisha. Meli zilizopigwa baharini huonekana zote za aina moja. Umbali huzipiga pasi. Zikifungwa pamoja, tofauti zinajitokeza. Korveti za kwanza za Kanada zilikuwa na sitaha fupi ya omo, na mlingoti umesimama mbele ya chumba cha kuongozea, kama meli za kuvua nyangumi zilikotoka michoro yake. Baadaye sitaha ile ilirefushwa ili maji yasiwamwagikie watu katikati ya meli, mlingoti ukahamishwa nyuma, na juu ya chumba cha kuongozea kikawekwa kibanda cha rada chenye umbo la taa ya mnara. Kazi hiyo ilifanywa meli moja moja, kadiri chelezo cha matengenezo kilivyopatikana. Kwa hiyo katika picha moja ya 1943 unaweza kuona iliyokwisha rekebishwa imefungwa pembeni ya ile inayosubiri zamu, na bila kusoma kitabu ukaelewa jinsi jeshi dogo lilivyokuwa likikimbizana na vita. Lilianza 1939 na destroya sita; lilimaliza 1945 likiwa na meli za kivita mia kadhaa na watu zaidi ya 90,000.

Kuna na suala la bendera, ambalo mimi sikulijua hadi mzee mmoja wa makumbusho aliponionyesha kidole. Hadi Februari 1965 manowari za Kanada zilipeperusha shetri bendera nyeupe yenye msalaba, ile ile ya Waingereza. Baharini, kwa picha nyeusi na nyeupe, destroya ya Kanada na ya Uingereza za aina moja huwezi kuzitofautisha kwa bendera. Lakini meli ikitia nanga au ikifunga gati hupandisha bendera ndogo ya pili omoni, na ya Kanada ilikuwa ile ya buluu yenye ngao ya nchi. Kwenye picha itaonekana kama kitambaa cheusi chenye kona ya Uingereza na doa pembeni. Bendera hiyo haipandishwi meli ikiwa safarini kawaida. Maana yake, picha ya meli zilizofungwa inakuambia zenyewe ni za nani, ilhali ya mwendoni inakutaka umwamini aliyeandika maelezo.

Kusoma tarehe na kukwepa kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Hili ni muhimu kwa anayenunua, kwa sababu maelezo yaliyobandikwa kwenye picha za zamani hukosewa mara nyingi mno. Kosa ninalokutana nalo sana ni la "kundi la manowari za Kanada, 1912". Jeshi la maji la Kanada liliundwa tarehe 4 Mei 1910, na kwa miaka minne ya kwanza lilikuwa na meli kubwa mbili tu: Niobe, iliyofika Halifax Oktoba 1910, na Rainbow, iliyofika Esquimalt mwezi uliofuata. Moja Atlantiki, nyingine Pasifiki, na mfereji wa Panama haujafunguliwa hadi 1914. Kundi lingetoka wapi? Ukiona meli nane zimejipanga na tarehe ni hiyo, unatazama Waingereza. Kundi la kweli la Kanada la miaka ile ni dogo na linachekesha kidogo: nyambizi mbili, CC1 na CC2, zilizonunuliwa kimyakimya Seattle Agosti 1914 na waziri mkuu wa jimbo la British Columbia, Richard McBride, zikiwa zimefungwa pamoja Esquimalt kama mitumbwi ya ndugu wawili. Picha hizo zipo, ni nzuri, na hazigombaniwi.

Namba za ubavuni husaidia pia. Wakati wa vita zilikuwa na herufi mbele: korveti Sackville ilikuwa K181, destroya Haida G63. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 herufi ziliondoka, Haida ikawa 215. Kwa hiyo meli ile ile inaweza kukupa tarehe mbili tofauti kwa rangi iliyopakwa tu. Tahadhari moja: wadhibiti wa habari wa wakati wa vita walifuta namba na rada kwenye picha kabla ya kuruhusu magazeti yazichapishe. Ukiona juu ya mlingoti kuna ukungu usio wa kawaida, au ubavu ni safi kupita kiasi, umepata nakala iliyopita mikononi mwao. Wako wanaozikwepa nakala hizo. Mimi ningeichukua, kwa sababu ukungu ule nao ni wa vita.

Kisha tazama mabomba ya moshi, dohani. Meli nyingi za Kanada zilichora jani la mti wa maple, nembo ya Kanada, la kijani, kwenye dohani zao wakati wa vita, na kundi la walinzi lililoitwa C-5 lilijitambulisha kwa mistari ya mshazari myekundu na myeupe, kama nguzo ya kinyozi. Destroya za ukoo wa St. Laurent zilianza na dohani moja. Katika miaka ya 1960 zilifanyiwa marekebisho zibebe helikopta, dohani zikawa mbili nyembamba, bega kwa bega. Hapa pembe ya picha ndiyo inayoamua. Baharini, ukizipiga kutoka ubavuni, dohani mbili zinafichana na kuonekana moja. Ukizipiga zikiwa gatini kutoka omo, au kutoka angani, utaziona zote. Nimewahi kuona picha moja ikiuzwa kwa tarehe mbili zilizoachana miaka kumi, na chanzo cha ubishi wote kilikuwa hicho.

Na usidanganywe na Bedford Basin. Ni bwawa kubwa la maji ya bahari nyuma ya Halifax, ambako misafara ilikusanyikia, na picha zake za juu ya kilima zinatisha kwa wingi wa meli zilizotia nanga, zote zimeelekeza omo upande mmoja kwa nguvu ya maji na upepo. Ni picha za ajabu. Lakini karibu meli zote humo ni za mizigo, za mataifa mbalimbali. Kama unataka manowari za Kanada, siyo hiyo. Kama unataka kuelewa manowari za Kanada zilikuwa zinalinda nini, labda ndiyo hiyo hasa.

Fungu la tatu, ambalo shemeji alilikataa

Kuna meli zilizofungwa kwa sababu zimepumzika, na kuna zilizofungwa kwa sababu zimekwisha. Katika kiangazi cha 1945 korveti na frigeti zilipelekwa Sorel, kwenye mto St. Lawrence, zikaondolewa kazini moja baada ya nyingine na kupangwa safu kwa safu zikingoja wanunuzi au wavunja vyuma. Nyingine zilirundikwa Sydney, Nova Scotia. Kwenye picha hizo hakuna mtu. Mizinga imeondolewa au imefunikwa, rangi imeanza kububujika kutu, na meli zimebanana kama vikombe kabatini. Kati ya korveti zote zilizojengwa, za Kanada na za Uingereza, iliyobaki leo ni Sackville peke yake, nayo iko Halifax.

Kwangu hizi ndizo picha zenye nguvu kuliko zote, na ningeitundika moja nyumbani bila kusita. Shemeji alinitazama kama niliyemletea sanda. "Watu wanakuja kula, shem." Ni kweli. Kwa mkahawa, kwa sebule ya wageni, kwa ofisi ambayo mtu anasubiri kuitwa, usiichukue. Kwa mwalimu wa historia au mtu anayeandika juu ya mwisho wa vita, ichukue kabla ya zote.

Kwa msomaji wa Kiswahili: meli iliyoitwa Uganda

Kama unachagua kwa ajili ya ndugu wa Kampala au mtu yeyote wa kwetu, kuna meli moja inayostahili kutazamwa kwanza. Oktoba 1944 Kanada ilikabidhiwa kruza ya Kiingereza, manowari kubwa kuliko destroya, iliyokuwa na jina la Uganda, wakati huo nchi iliyo chini ya himaya ya Uingereza, ikaiacha na jina lake: HMCS Uganda. Ilipigana Pasifiki 1945 pamoja na meli za Waingereza, na Mei mwaka huo, Ulaya ikiwa inaingia kwenye amani, serikali ya Kanada ilitaka kila mwanamaji ajitolee upya kwa vita vya Japani. Wengi wa mabaharia wa Uganda walikataa. Meli ikaondoka vitani mwishoni mwa Julai, ikafika Esquimalt tarehe 10 Agosti, siku chache kabla Japani haijasalimu amri. Mwaka 1952 ikabadilishwa jina kuwa Quebec, na 1955, ikiwa na jina hilo jipya, ikazunguka bara lote la Afrika. Ilivunjwa Japani 1961, nchi ile ile ambayo wengi wa wanamaji wake walikataa kuendelea kuipiga.

Kwenye picha za makundi ya Pasifiki, Uganda ni moja kati ya kruza kadhaa za mbali. Bila maelezo hutaijua. Kwenye picha za Spithead, Juni 1953, meli zilipojipanga kwa nanga mbele ya Malkia Elizabeth aliyetawazwa karibuni, ipo ikiwa Quebec, pamoja na kruza mwenzake Ontario na meli ya ndege Magnificent. Hapo tena, zilizotia nanga zinashinda zilizo mwendoni: una muda wa kuisoma.

Ukuta, umbali na pikseli

Sasa nije kwenye jambo lililonigeuza mawazo, ambalo si la historia hata kidogo.

Picha ya mwendoni hutazamwa kutoka mbali. Inahitaji upana, kwa sababu kundi limetawanyika na nusu ya uzuri ni maji yaliyo katikati ya meli. Ukiichapa sentimita 60 inakuwa vijiti vitano juu ya kijivu. Ukiichapa mita tatu, mtu akaiangalia kutoka meza ya tatu, inapumua. Na hata kama faili si kubwa sana haijali: kwa mita nne jicho halihesabu nukta.

Picha ya meli zilizofungwa hutazamwa pua ikiwa karibu na kioo. Inahitaji ukali wa maelezo. Kwa uzoefu wangu sentimita 60 kwa 50 inatosha kabisa, mradi faili lina pikseli zisizopungua 3,500 kwa upana, yaani nukta 150 hivi kwa inchi. Ukipata mara mbili ya hapo, chukua. Wapiga picha wa jeshi walitumia negativu kubwa kuliko filamu ndogo zilizokuja kuenea baadaye, kwa hiyo maelezo yamo. Tatizo huwa ni skani, hasa zile zilizochukuliwa kutoka kwenye kurasa za gazeti. Ukiipanua picha hiyo hadi mita tatu, kila kilichokuwa kinasomeka kinageuka punje.

Mahali pa kuzipata ni pale pale kwa aina zote mbili. Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada, Ottawa, ndiyo yenye hazina kubwa. Makumbusho za jeshi la maji za Halifax na Esquimalt zina zaidi kwa pwani zao. Kuhusu haki, picha zilizopigwa Kanada kabla ya 1949 hazina tena hakimiliki, na kazi za serikali zilizochapishwa hulindwa miaka 50 tangu kuchapishwa. Hiyo inamaanisha vita na sehemu kubwa ya miaka ya Bonaventure viko wazi, lakini soma kumbukumbu ya kila picha kabla ya kulipa mchapaji. Nilishalipa duka moja dola za kutosha kwa "leseni" ya picha ambayo hifadhi ilikuwa ikiitoa bure. Sikuwalaumu sana, mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Basi ipi?

Kama una ukuta mkubwa na watu wanapita au wanakaa mbali, chukua ya mwendoni. Bonaventure na destroya zake itakubeba, na ukipata ya Julai 1950 ni bora zaidi kwa sababu ina safari ndani yake. Kama anayetundikiwa ni mtu aliyewahi kutumikia, au mtoto wake, au mjenzi wa meli ndogo za mfano anayehesabu kila kamba, usimpe ya mwendoni hata ikiwa nzuri namna gani. Mpe zilizofungwa. Ataitafuta meli yake kwanza, kisha meli ya jirani, kisha atakuambia nani alikuwa anadaiwa na nani. Na kama unaandika makala na una nafasi ya picha moja, zilizofungwa zinajieleza zenyewe, wakati za mwendoni zitakula mistari mitatu ya maelezo chini yake.

Nilikwenda Dartmouth nikiwa nimejiandaa kumshawishi shemeji achukue korveti tano za St. John's. Nikasimama mlangoni, nikautazama ukuta wa futi kumi na mbili, nikanyamaza. Bonaventure iko pale sasa, mita tatu na nusu, na nakiri imekaa vizuri. Korveti nilizilipia mwenyewe, sentimita 60 kwa 50, zikawekwa karibu na kaunta ya kulipia, mahali ambapo mtu anasimama dakika mbili bila la kufanya.

Fundi wa fremu alitaka kukata sentimita nne upande wa kushoto ili picha iingie kwenye fremu aliyokuwa nayo tayari. Sentimita hizo nne ndizo zenye omo ya meli ya tano, na juu yake ile bendera nyeusi yenye doa. Nikamwambia atengeneze fremu nyingine.